Basi likiwa mkweche halikuchemsha, limepambwa linachemsha. Kosa la nani?

#1 Mzigo Mzito
Wakuu, salaam. Naenda moja kwa moja.

Nina basi la MCI MC-8 la miaka ya 1970, injini Detroit 8V-71. Nilipolinunua lilikuwa limeegeshwa miaka mingi, viti vyote 47 vimo, buti za mizigo zimejaa majani makavu na viota vya panya. Tulihangaika nalo siku mbili likawaka. Nikaliendesha mwenyewe hadi nyumbani, mwendo wa siku mbili, milima mitatu, linatoa moshi kama tanuri la chokaa. Lakini geji ya joto haikutikisika hata kidogo. Kumbukeni hilo.

Nikampa fundi bingwa wa mabasi ya zamani. Si wa kubahatisha, nimeona kazi zake tatu kabla ya kumpa langu. Amekaa nalo miezi 14. Amekata kutu, sakafu mpya, nyaya zote mpya, tumeng'oa viti tukaweka vitanda, jiko, tangi la maji la lita 400, betri za lithiamu, viyoyozi viwili juu ya paa. Giaboksi ya mkono ya Spicer ya gia nne imetoka, imeingia otomatiki, Allison HT740, kwa sababu mke wangu naye anataka kuendesha na ana haki hiyo. Rejeta zote mbili zimefumuliwa na kutengenezwa upya. Rangi sisemi kitu, ukiiona utasimama njiani.

Sasa linachemsha. Tambarare halina neno. Likikutana na mlima wa dakika kumi, geji inapanda mpaka kengele inalia. Fundi anasema ni uendeshaji wangu. Mimi nasema mkweche ulipanda milima mitatu bila kelele, kwa hiyo kilichoharibika kiko kwenye alivyofungua yeye. Nani yuko sahihi?

#2 Kifuniko
Naweka kambi hapa. Nina la kwangu linasubiri zamu kwa fundi.

#3 Nati Kumi na Tatu
Kabla watu hawajaanza kushusha injini kwa maneno: hiyo geji ni ile ya zamani au mpya? Na kihisi chake kimefungwa wapi?

#4 Mzee wa Klachi
Nimeendesha injini hizi miaka mingi kwa mshahara, si kwa starehe. Jibu umelitoa mwenyewe katika sentensi ya kumi na tatu ukaendelea na rangi.

Otomatiki.

Giaboksi ya mkono, klachi ikishashika, nguvu inatoka injini inakwenda difu, joto linalopotea njiani ni dogo. HT740 haina klachi ya mguu, ina toki konveta, inayopitisha nguvu kwa kusukuma mafuta. Mlimani, mwendo ukishuka na ile loki yake, inayoifunga injini na giaboksi zizunguke pamoja, ikiachia, injini inakuwa inakoroga mafuta. Nguvu inayopotea katika kukoroga inageuka joto, na joto hilo linapelekwa kwenye kipoza mafuta, na kipoza mafuta kinapozwa na maji yaleyale ya injini. Yaani umeziongezea rejeta zako mzigo ambao hazikuwa nao siku unalileta nyumbani. Mkweche haukuchemsha kwa sababu haukuwa na hicho kitu.

Kwa hiyo si wewe, si fundi. Ni giaboksi. Ingawa aliyeitaka ni wewe.

#5 Mzigo Mzito
@Nati, geji ni mpya, ya umeme. Ile ya zamani haikuendana na dashibodi mpya. Kihisi sijui kimefungwa wapi, nitamwuliza fundi.

@Mzee, aliyeitaka ni mke wangu. Nimeeleza.

#6 Nati Kumi na Tatu
"Haikuendana na dashibodi." Basi huna ushahidi kwamba linachemsha. Una ushahidi kwamba sindano inapanda.

Geji za umeme zinasumbuliwa na ethi mbovu, na basi lako nyaya zote ni mpya, ethi zote mpya. Kihisi kikiwa hakilingani na geji, kitakupa namba za uongo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Chukua ile bunduki ya kupimia joto, simama mlimani kengele ikilia, elekeza kwenye nyumba ya themostati, pande zote mbili maana hiyo ni injini ya V. Injini hizi hukaa raha kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukisoma 88 huku geji inasema 100, uzi umeisha twende tukalale.

#7 Pangaboi
Hiyo ni oringi za slivu, yaani zile raba za mviringo zinazoziba maji kwenye mirija ambamo pistoni zinapanda na kushuka. Yaliwahi kunikuta. Slivu zinakaa ndani ya maji, oringi zikichoka gesi inaingia kwenye maji, maji yanasukumwa nje, injini inachemsha mlimani tu maana hapo ndipo mzigo ulipo. Shusha injini, badilisha oringi zote, usipoteze muda na geji.

#8 BiSpana
@Pangaboi kaka yangu, hiyo yako ilikuwa ya familia ya 92, kama 6V-92 au 8V-92. Hizo ndizo zenye slivu za maji na oringi zake. Familia ya 71 slivu zake ni kavu, maji hayaigusi slivu moja kwa moja. Mzigo Mzito hana oringi hizo za kubadilisha. Akishusha injini kwa ushauri wako atazitafuta mpaka mwakani.

Gesi kuingia kwenye maji inawezekana hata kwenye 71, hedi ikipata ufa. Lakini angeona mapovu kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma. Ameangalia?

#9 Pangaboi
Kweli, ilikuwa 6V-92. Nimekaa.

#10 Upepo Kusi
Wote mnaangalia maji. Mimi naomba tuangalie upepo.

MC-8 haina rejeta mbele ya injini kama lori. Rejeta ni mbili, ziko juu nyuma, moja kila upande, na feni zake ni zile za ngoma, siyo za mapanga. Feni zinavuta hewa ya nje kupitia rejeta, zinaishusha kwenye chumba cha injini, na hewa hiyo ya moto inatakiwa itokee chini. Kwa hiyo kuna maswali matatu tu: hewa inaingia? Feni inazunguka kwa kasi yake? Hewa inatoka?

Watu wakipamba mabasi huharibu yote matatu bila kugusa injini. Kwenye mlango wa rejeta wanaweka vitu vya kupendeza. Mikanda ya feni wanaiacha imelegea. Chini wanabandika povu la kuzuia kelele na kufunga boksi la vifaa pale pale hewa ilipokuwa inatokea. Hewa ikikosa pa kutokea inapanda pembeni na kuingia tena kwenye rejeta ikiwa tayari imechemka. Hapo hata uweke rejeta ya meli haitasaidia.

Tupe picha za nyuma, na ulale chini upige za chini pia.

#11 Mzigo Mzito
Picha zinakataa kupanda, nitaeleza. Matundu ya awali ya mlango wa rejeta yalikuwa yameliwa. Tukaweka nyavu za shaba zilizokatwa kwa mtindo wa maua, zinalingana na vishikio vya kabati za ndani. Alichagua mke wangu. Chini kuna povu kwenye milango ya injini kwa ajili ya kelele, maana kitanda kikubwa kiko juu ya injini.

#12 Kifuniko
Maua 😂😂

#13 Nati Kumi na Tatu
Basi la miaka ya sabini linapumua kupitia bustani.

#14 Mzee wa Klachi
Msimcheke. Lakini mimi bado niko kwenye giaboksi.

#15 Upepo Kusi
Fanya hesabu ndogo tu, haina gharama. Weka karatasi juu ya ule wavu, pitisha penseli upate umbo la matundu, chora mraba wa sentimita 10 kwa 10, halafu hesabu eneo lililo wazi. Wavu mzuri wa kazi hii unaacha sehemu kubwa wazi. Maua ya mapambo mara nyingi yanakula zaidi ya nusu. Tuletee namba.

#16 BiSpana
Wakati anapima niwape kisa changu, maana kinamgusa.

Mimi na marehemu baba tulifufua basi la General Motors (GM), PD-4104. Hilo ni la zamani kuliko la mwenzetu, lilitoka kati ya 1953 na 1960, bodi ya alumini inayojibeba yenyewe, suspensheni ya upepo, injini 6-71 imelala kwa upana kule nyuma. Baba alikuwa fundi wa meli, mabasi hakuyajua, kwa hiyo tulitafuta fundi wa mabasi atushike mkono. Mzee yule alikuja mara moja kwa mwezi, anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anatuangalia tunavyokosea, akiondoka anasema neno moja. Mwezi wa kwanza alisema "riveti". Hatukuelewa. Tulikuwa tumeshabandika vipande vya chuma kwenye alumini kwa boliti za kawaida. Baada ya miezi michache alumini ikaanza kutoa unga mweupe kila palipogusana na chuma. Metali mbili tofauti na unyevu kidogo, ni betri hiyo, alumini ndiyo inayoliwa. Tukafumua yote, tukaweka riveti za alumini na kitenganishi katikati kila palipokuwa hapana budi chuma kikae.

Na letu lilichemsha pia baada ya kufufuliwa! Unajua ilikuwa nini? Rejeta mpya. Aliyeitengeneza alituwekea mapezi yaliyobanana kuliko ya mwanzo, akisema yanapoza zaidi. Mezani kweli. Barabarani hewa haikupita, na baada ya miezi miwili ya vumbi ndiyo kabisa. Ile ya zamani, pamoja na kuvuja kwake, ilikuwa na nafasi ya kupumua. Kwa hiyo Mzigo Mzito, "zimefumuliwa na kutengenezwa upya" ndiyo maneno yaliyonishtua mimi, siyo otomatiki. Hesabu mapezi kwa kila sentimita, kisha uliza yalikuwa mangapi mwanzo.

#17 Kochi la Nyuma
Bi Spana hapo kwenye ndoo iliyogeuzwa umeniua. Kila fundi bingwa anayo.

Swali nje ya mada kidogo: hilo MC-8 si ndilo basi la Greyhound, ile kampuni ya usafiri ya Marekani? Wao walilitengeneza wenyewe?

#18 BiSpana
MCI ni kampuni ya Winnipeg, Kanada. Greyhound waliinunua yote mwaka 1958, ndiyo maana mabasi yao mengi yakawa MCI. Kabla ya hapo walikuwa na uhusiano mkubwa na GM. Ile Scenicruiser ya ghorofa moja na nusu ilikuwa ya GM, zilitengenezwa 1,001 tu, kati ya 1954 na 1956.

#19 Kochi la Nyuma
Scenicruiser ndiyo ile yenye injini mbili?

#20 Mzee wa Klachi
Ndiyo. Mbili za 4-71 zilizounganishwa zisukume shafti moja. Wazo zuri kwenye karatasi. Baadaye ziliondolewa ikawekwa 8V-71 moja, hii hii anayoilalamikia mwenzetu. Na hiyo 71, vijana mnaoandika tu, ni inchi za ujazo za kila silinda. Nane mara 71 ni 568, sawa na lita 9.3.

#21 Kochi la Nyuma
Lita 9.3 na kelele ile ya lita thelathini.

#22 Mzee wa Klachi
Ni mipigo miwili, kila silinda inawaka kila mzunguko. Masikio yako yanasikia injini inayozunguka mara mbili ya ilivyo. Ndiyo maana madereva wapya huibana: wanasikia kelele wanadhani wameizidishia, wanaachia mafuta, au wanakaa gia ya juu wakati inataka ya chini. Injini hii mlimani inataka kuzunguka. Karibu na 2,000 huko ndiko kwake. Pampu ya maji inazunguka haraka, feni zinazunguka haraka, bloa, ile pampu ya hewa ya injini, inasukuma hewa. Ukiibana kwenye 1,300 na mguu uko sakafuni, umewasha jiko umezima feni. Hapo fundi ana hoja.

#23 Mzigo Mzito
Mzee kwanza ulisema si mimi.

#24 Mzee wa Klachi
Nilisema hivyo kabla sijajiuliza unaendeshaje. Unapanda kwa gia ya ngapi?

#25 Mzigo Mzito
Naiacha kwenye D, giaboksi inachagua yenyewe. Ndiyo maana ya otomatiki. Mke wangu anashusha kwa mkono hadi ya pili, anapanda akiwa anaimba. Kusema kweli kwake kengele ililia mara moja tu.

#26 Kifuniko
Kesi imefungwa, mpe mama funguo.

#27 Jipu la Oili
Kabla hamjafunga, tahadhari kwa Kifuniko na wengine mnaotaka kufufua yaliyolala. Mzigo Mzito amesema kirahisi kwamba "likawaka". Injini hizi zikikaa miaka, reki ya injekta, ule mtaimbo unaoamua injekta zimwage dizeli kiasi gani, huweza kuganda kwa gundi ya dizeli ya zamani. Ikiwa imegandia kwenye mafuta mengi, ukiwasha inapaa na haikusikilizi. Mbaya zaidi ni ikianza kunywa oili yake yenyewe kupitia sili za bloa, hapo hata ukikata dizeli inaendelea kunguruma mpaka ipasuke. Kinachoizima ni kukosa hewa tu. Kuna mlango wa dharura kwenye njia ya hewa, na kwa mabasi mengi yaliyokaa utakuta umekwama au waya wake umekatika.

Sisi tuliwasha la rafiki yangu bila kuangalia. Tuliokolewa na ubao wa kukatia mboga uliokuwa kwenye gari la mke wake, tukaufunikiza kwenye mdomo wa hewa, injini ikaufyonza ikazimika. Ubao ule umetundikwa gereji mpaka leo. Kwa hiyo: sogeza reki kwa mkono kwanza, hakikisha inarudi yenyewe, na uwe na kitu cha bapa karibu. Usitumie mkono wala tambara.

#28 Kifuniko
Asante mkuu. Nanunua ubao.

#29 Ndoo Iliyogeuzwa
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, na jina nimelichukua kwa Bi Spana. Mimi ndiye fundi anayesemwa hapa.

Sitamvunjia heshima mteja wangu, ni mtu mzuri na amelipa. Lakini wakuu mmepewa nusu ya hadithi.

Moja. Nilitaka kipoza mafuta cha giaboksi kiwe cha peke yake, chenye feni yake, kisiguse maji ya injini. Nilichora mpaka mahali pa kukiweka. Nikaambiwa fungu limekwisha kwenye viyoyozi.

Mbili. Wavu wa maua niliufunga baada ya kusema kwa mdomo wangu kwamba sioni raha nao.

Tatu. Nilimwambia asipande mlima kwenye D. Nilibandika kikaratasi kwenye usukani.

Nne. Mapezi ya rejeta nilihesabu kabla ya kufumua, yamerudi yaleyale. Hilo @BiSpana uko sahihi kulihofia, ila hapa silo.

Tano. Geji ya zamani sikuitupa. Iko kwenye kopo, na jina lake juu.

#30 Nati Kumi na Tatu
Yesu na Maria na mitume wote. Mleta mada, upo?

#31 Mzigo Mzito
Nipo. Karibu fundi. Kikaratasi nakiri, kilidondoka nikakitia kwenye droo. La kipoza cha peke yake sikumbuki.

#32 Ndoo Iliyogeuzwa
Liko ukurasa wa tatu wa makubaliano, chini ya "yaliyoahirishwa". Saini yako iko pembeni.

#33 Kifuniko
Hapa nimejifunza kuliko miaka yangu yote ya kutazama picha za mabasi. Mimi nilikuwa nimpe fundi pesa kwa kupeana mikono.

#34 Ndoo Iliyogeuzwa
Usifanye hivyo hata na mimi. Basi bovu linaficha kazi. Hii MC-8 ubavu wake ni chuma kisichoshika kutu, unang'aa mpaka unajiona, lakini fremu iliyo nyuma yake ni chuma cha kawaida. Tulipobandua mabati karibu na ekseli za nyuma, kulikuwa na mahali ningeweza kupitisha bisibisi kwa kusukuma kidogo. Hakuna aliyeweza kuyajua hayo siku ya kukadiria bei. Ndiyo maana naandika kwa hatua: hatua ya kufungua na kutazama inalipwa peke yake, ndipo tunakaa tena mezani. Mteja anayekataa hatua hiyo mimi humrudishia funguo.

#35 Upepo Kusi
Fundi karibu sana. Nikuulize la povu. Milango ya injini imefungwa povu, sawa, linazuia kelele. Je, kule chini pako wazi kama zamani?

#36 Ndoo Iliyogeuzwa
Chini pako wazi isipokuwa upande wa kulia, kuna trei ya kuzuia oili isidondokee watu barabarani. Nusu mita hivi. Ina matundu.

#37 Upepo Kusi
Ina matundu ya maua?

#38 Ndoo Iliyogeuzwa
Ya mviringo. Lakini nimekuelewa. Nitaipima shinikizo kwa mrija wa maji, chumba cha injini dhidi ya nje. Kikiwa kimejaa hewa kupita kiasi tutajua inakwama kutoka.

#39 Waya Mwekundu
Mmeniacha nyuma kurasa mbili. Betri za lithiamu zinachajiwa na nini mkiwa barabarani?

#40 Mzigo Mzito
Na oltaneta ya injini. Inatosha sana, tukifika zimejaa.

#41 Waya Mwekundu
Haswa. Ikiwa ni ile kubwa ya 50DN, inatoa hadi ampea 270 kwenye volti 24, na inapozwa kwa oili ya injini. Betri za risasi zikikaribia kujaa hukataa umeme mapema, zinakula kidogo kidogo. Lithiamu inakula yote unayoipa mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo ukiondoka asubuhi betri ziko chini na mlima uko karibu, oltaneta inafanya kazi ya kilowati sita saba kwa muda mrefu kuliko ilivyozoea, joto lake linaingia kwenye oili, oili inapozwa na maji, tumerudi kwenye rejeta zilezile za Mzee wa Klachi. Weka kifaa cha kupunguza chaji, au izime kabla ya mlima uone tofauti. Na usizichaji zikiwa chini ya nyuzi sifuri, hilo ni jambo jingine lakini nimeshafika.

#42 Mzee wa Klachi
Kilowati saba kwa injini ya farasi 300 na kitu ni kuumwa na mbu.

#43 Waya Mwekundu
Mbu wengi wanaua tembo, Mzee. Kuna giaboksi, kuna oltaneta, kuna wavu. Hakuna aliyesema ni mmoja.

#44 Pangaboi
Na uzito? Tangi la lita 400, jiko, kabati. Basi limekuwa zito.

#45 Nati Kumi na Tatu
Hesabu hiyo haikubali. Abiria 47 kwa kilo 70 tu ni kilo 3,290, bado mizigo yao na viti vyenyewe. Basi hili lilizaliwa kupanda mlima likiwa limejaa. Maji ya lita 400 ni abiria sita wembamba.

Ila umenikumbusha kitu. Alipolileta nyumbani lilikuwa tupu. Viti peke yake, dereva na panya. Kwa hiyo ile hoja ya "mkweche haukuchemsha", ambayo ndiyo msingi wa uzi mzima, inalinganisha basi tupu na basi lenye nyumba ndani. Na linatoa moshi kama tanuri, maana yake huenda nguvu yenyewe ilikuwa pungufu. Injini iliyochoka inaunguza vibaya, haisukumi kwa nguvu, unapanda polepole. Injini iliyofufuliwa inafanya kazi kweli, na injini inayofanya kazi inatoa joto. Kwa ukadiriaji wa mafundi, katika nishati ya dizeli theluthi moja hivi ni kazi, theluthi inaondoka na ekzosi, theluthi inaingia kwenye maji.

#46 BiSpana
Hilo sikulifikiria. Injini ilifunguliwa pia?

#47 Ndoo Iliyogeuzwa
Injekta zote nane mpya, saizi ileile ya mwanzo, na reki imepangwa upya. Kabla ya hapo silinda mbili hazikuwa zikifanya kazi, zilikuwa zinasindikiza wenzao.

#48 Jipu la Oili
Na oili gani? Msiniambie 15W-40, ile ya gredi mchanganyiko.

#49 Ndoo Iliyogeuzwa
SAE 40 ya gredi moja, yenye majivu kidogo. Usinitukane.

#50 Nati Kumi na Tatu
Na mfuniko wa rejeta? Kila psi moja ya shinikizo la mfuniko inapandisha kiwango cha maji kuchemka kwa nyuzi moja na nusu hivi. Mfuniko uliochoka, ukiwa juu mlimani ambako maji yanachemka mapema, yatamwagika hata kama injini haijazidi sana.

#51 Mzigo Mzito
Wakuu, nimerudi na matokeo. Jana tulikutana na fundi, tukafanya kazi, tukapanda ule mlima.

Wavu: nimepima kama alivyosema Upepo Kusi. Katika sentimita za mraba 100 zilizo wazi ni 43. Tumeutoa. Mikanda ya feni ilikuwa imelegea, tumeikaza. Geji ya zamani tumeifunga kwa muda kando ya mpya. Mfuniko tumeweka mpya. Trei ya oili tumeitoa. Chaji ya betri nimezima. Mke wangu ameendesha, gia ya pili, akiimba.

Geji ya zamani: 86 juu kabisa ya mlima. Geji mpya: 94. Kengele haikulia. Nimefurahi sana.

#52 Nati Kumi na Tatu
Umebadilisha vitu saba kwa siku moja.

#53 Upepo Kusi
Hata hukupanda kwanza ukiwa umetoa wavu peke yake?

#54 Waya Mwekundu
Na chaji umeizima. Naomba iandikwe.

#55 Mzee wa Klachi
Na dereva amebadilika. Naomba hilo nalo liandikwe.

#56 Mzigo Mzito
Jamani nilitaka basi lipoe, sikutaka shahada.

#57 Ndoo Iliyogeuzwa
Nilimwambia kimoja kimoja. Mama akasema jua linazama.

Mlima hauondoki. Jumamosi tunarudisha trei peke yake na kupanda, kisha chaji peke yake. Kipoza cha giaboksi bado nakitaka, 86 ni ya siku ya baridi. Na geji mpya inasoma nyuzi nane zaidi, hilo ni ethi au kihisi, na ni la kwangu, nitalitafuta.

#58 BiSpana
Fundi anayesema "hilo ni la kwangu" mbele za watu. Mzigo Mzito, usimwachie huyo.

#59 Pangaboi
Mapovu kwenye rejeta mliangalia?

#60 Mzigo Mzito
Tulisahau.

#61 Kifuniko
Mkuu, yale maua ya shaba kama hayarudi, nayaomba. Nina banda la kuku.

#62 Mzigo Mzito
Mke wangu anasoma uzi huu. Anasema yanarudi, ila ndani, juu ya kitanda.